Laptopu na intafesi ya kurekodia nyumbani: maswali ninayoulizwa sana hapa Lamu

Karibu kila wiki kijana hunisimamisha Usita wa Mui (njia kuu ya mji wetu), simu mkononi, akanionyesha picha ya laptopu: "Kaka, hii yafaa?" Mwingine hunitumia sauti ya dakika tatu kwa WhatsApp kuuliza jambo la sentensi moja. Basi nimeyaandika majibu mahali pamoja. Intafesi ni kile kiboksi kinachounganisha maiki na kompyuta. Mimi si muuzaji. Narekodi qasida, udi, mashairi na sauti za matangazo katika chumba kimoja cha nyumba ya mawe huku Langoni, na makosa mengi mtakayoyasoma humu nimeyalipia kwa pesa zangu.

Nina pesa za kitu kimoja tu kwa sasa. Ninunue laptopu kwanza au intafesi?

Usinunue chochote kabla ya kuhesabu. Siku utakayorekodi, vinywa vingapi na ala ngapi zitalia kwa wakati mmoja? Sikuulizi kikundi kina watu wangapi. Nauliza wangapi lazima warekodiwe pamoja, kila mmoja na maiki yake. Anayeimba peke yake, kisha akarudi kuongeza udi, kisha tari, huyo mlango mmoja (tundu moja la kuingizia sauti kwenye intafesi) wamtosha hata wimbo ukiwa na sehemu kumi na mbili. Mpiga udi anayeimba huku anapiga, huyo ni wa milango miwili, maana ukimtenganisha na ala yake hata sauti humpotea.

Ukishapata hesabu hiyo, tazama ulicho nacho. Kama kuna laptopu nyumbani inayowaka na haikwami, hata ya dada anayesoma chuo, anza na intafesi na maiki. Intafesi nzuri utakaa nayo miaka mingi. Laptopu utaibadilisha mara mbili au tatu kabla intafesi haijachoka.

Simu yangu yarekodi vizuri tu. Intafesi ya nini?

Intafesi hufanya kazi tatu. Huikuza sauti ndogo ya maiki mpaka ifike kiwango cha kutumika, huigeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta yaelewa, kisha huzirudisha tarakimu hizo kuwa sauti ya kwenda kwenye hedifoni zako. Simu nayo hufanya yote hayo, ila kwa maiki ndogo kama punje ya mchele, na aghalabu yenyewe huamua kupandisha na kushusha sauti bila kukuuliza. Ukirekodi qasida kwa simu utasikia mwimbaji akinyamaza, na ule uvumi wa chumba wainuka polepole kama maji ya bamvua. Kwa kukumbuka lahani, simu yatosha. Kwa kazi ya kumpa mtu, hapana.

Haya, nihesabu milango vipi? Nimeona za mlango mmoja, miwili, minne, minane.

Kwa watu wengi wa hapa jibu ni miwili. Mlango mmoja huonekana rahisi dukani, lakini siku ya kwanza ukimpata mzee wa udi anayeimba utajuta. Miwili humchukua mtu na ala yake, au maiki mbili mbele ya kikundi, au watu wawili wa mazungumzo.

Minne ni ya mwenye kikundi cha taarab kinachotaka kupiga pamoja: sauti, udi, kanuni (ile ala ya nyuzi), na moja ya ngoma. Ujue tu kuwa nyingi za milango minne na zaidi hazitosheki na umeme wa USB. Huja na adapta yake ya ukutani. Hilo ni jambo kubwa huku kwetu, nitalirudia kwenye swali la stima.

Kuna mtego hapa ambao watu wawili nawajua wameuingia. Walinunua intafesi ya milango miwili, wakasema tukihitaji minne tutaongeza nyingine kama hiyo. Kwenye Windows haiendi hivyo. Programu za kurekodi hutumia njia iitwayo ASIO, na njia hiyo huishika intafesi moja kwa wakati mmoja. Mac yaweza kuziunganisha mbili zikaonekana moja, lakini hata huko ni kazi ya kubembeleza. Kama unajua mwaka ujao utahitaji minne, nunua minne leo au ngojea.

Halafu soma maneno ya boksi kwa makini. Intafesi iliyoandikwa "milango minne" huenda ikawa na miwili tu ya maiki, na miwili mingine ni ya kinanda. Hesabu matundu ya XLR, yale makubwa ya pini tatu. Hayo ndiyo ya maiki.

Taja jina basi. Usituzungushe.

Kwa milango miwili: Focusrite Scarlett 2i2, MOTU M2, au Behringer UMC202HD kama mfuko ni mwembamba. Ndugu yake mdogo wa Behringer, UMC22, ni rahisi zaidi, lakini huishia biti 16 (kipimo cha usahihi wa sauti, nitakirudia) na ana mlango mmoja tu wa maiki. Mimi ningesubiri mwezi mmoja nikachukua 202.

Kwa upande wa Scarlett, tazama kizazi. Kizazi cha nne kilitoka 2023, na 2i2 yake yaweza kukuza maiki kwa desibeli 69 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Solo ya kizazi hichohicho hufika 57. Tofauti hiyo huwezi kuijua ukitumia maiki ya kondensa (ile yenye kusikia sana), lakini ukichukua maiki nzito ya dainamiki (ile isikiayo cha karibu) kama Shure SM7B, ambayo yataka karibu desibeli 60, Solo itakuacha njiani na uvumi masikioni.

Muuzaji aniambia hii yenda mpaka 192 kHz, kwa hivyo ni bora.

Muuzaji auza namba. kHz ni mara elfu ngapi kwa sekunde sauti yapimwa; kila kipimo kimoja huitwa sampuli. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, ukalale. Dakika moja ya sauti ya maiki moja kwa kiwango hicho ni karibu MB 9. Wimbo wa dakika tano wenye sehemu nane ni kama MB 346. Ukipanda 192 kHz utazidisha mara nne, laptopu itatoka jasho, na masikio ya msikilizaji hayataona tofauti.

Kilicho na maana zaidi ni hizo biti 24. Zakuruhusu usirekodi kwa nguvu. Acha vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli -10, mwimbaji akipandwa na mori bado ana pa kupandia. Ikigonga sifuri imepasuka, na hakuna fundi wa kuitengeneza.

Lazima iwe USB-C?

Hapana. USB-C ni umbo la tundu, si kasi. Milango miwili ya sauti kwa 48 kHz hupitisha kama megabiti 2.3 kwa sekunde, na USB 2.0 ya zamani hubeba megabiti 480. Tazama tu kebo iingie kwenye laptopu yako bila vigawanyio vya bei ya chini vya barabarani. Hivyo ndivyo vinavyokatakata sauti.

Laptopu iwe na nguvu kiasi gani?

Soma namba ya prosesa. Kwenye Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane. Usidharau hatua hiyo. Mpaka kizazi cha saba, i5 za laptopu nyembamba zilikuwa na viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja). Kizazi cha nane zikawa na vinne. Kwa kurekodi, hiyo ni tofauti ya mashua ya kasia na ya injini.

Kuna sababu ya pili. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali Intel za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Ndiyo maana madukani mashine za kizazi cha sita na cha saba zimeshuka bei ghafla. Si baraka hiyo. Wanaokuuzia wajua.

Kumbukumbu: RAM ya GB 8 yatosha kurekodi sauti na ala za kweli. Ukitaka vinanda na fidla za ndani ya kompyuta, nenda GB 16. Diski iwe SSD, hapana mjadala. Diski ya kuzunguka huchelewa, hulia, na maiki huusikia mlio wake.

Mashine ambazo nimeziona zikifanya kazi hii bila kulalamika ni Lenovo ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5. Nyingi za aina hizo mbili ni za kizazi cha nane, na zote zina nafasi mbili za RAM ambazo fundi yeyote aweza kufungua akaongeza. Si nzuri kwa sura. Mimi sirekodi sura.

Mac au Windows?

Kama pesa zaruhusu, MacBook Air ya M1, ile iliyotoka mwisho wa 2020. Sababu yangu kubwa si umaarufu wake: haina feni. Katika chumba kimoja ambamo maiki iko mita moja na nusu kutoka kwenye laptopu, ukimya huo una thamani kuliko prosesa. Pia Mac huzitambua intafesi nyingi bila kupakia draiva (programu ya kukiendesha kifaa) yoyote.

Ubaya wake ni kuwa RAM na diski ulizonunua ndizo utakazozikwa nazo, hakuna kuongeza. Na ikiharibika, fundi wa kuifungua kwa uhakika humpati kisiwani, itavuka maji.

Windows yafaa pia, mimi mwenyewe nilirekodi kwayo miaka minne. Pakia draiva ya ASIO kutoka kwa watengenezaji wa intafesi yako, si ile ya jumla. Zima Wi-Fi unaporekodi. Weka mpangilio wa umeme kwenye nguvu kamili ili prosesa isisinzie katikati ya ubeti.

Nataka ya mtumba, "ex-UK". Nikague nini?

Mimi ya kwanza niliagiza kwa simu kutoka duka moja la mjini, sitalitaja. Tangazo lilisema SSD. Mzigo ukaja kwa basi mpaka Mokowe, ukavuka kwa boti, nikaufungua barazani mbele ya watu wanne walioniambia nimepata mali. Nikaiwasha. Nikasikia *krr, krr*, kama panya ndani ya kabati. Ilikuwa diski ya kuzunguka. Kuirudisha, nauli ya kwenda na kurudi ingekula karibu bei ya SSD mpya, nao walijua hivyo. Nikanunua SSD.

Kwa hivyo, kabla hujatuma hata shilingi moja kwa M-Pesa, mwambie muuzaji akutumie video, si picha, mashine ikiwa imewaka. Afungue Task Manager uone diski imeandikwa SSD au HDD (ile ya kuzunguka), na RAM ni kiasi gani. Kwa betri ya Windows kuna amri `powercfg /batteryreport`, itakuonyesha betri ilizaliwa na ujazo gani na sasa imebaki na ngapi. Kwa Mac uliza mizunguko ya betri. Apple huzihesabia betri za MacBook za miaka hii mizunguko 1000. Na Mac iliyotoka kwenye kampuni ifutwe yote na kuwashwa upya mbele yako. Ikiuliza akaunti ya mtu mwingine au kutaja jina la kampuni, hiyo si mali ya anayekuuzia, au bado ina mwenyewe.

Ukiwa nayo mkononi, chomeka kitu kwenye kila tundu la USB na ukitikise. Tundu linalochezacheza litakukatia rekodi siku ya harusi ya mtu. Kisha, kwa Windows, endesha programu ya bure iitwayo LatencyMon dakika kumi. Ikikuonyesha rangi nyekundu, kuna draiva inayokwamisha sauti, na mara nyingi ni ya Wi-Fi.

Nikiimba, najisikia kwenye hedifoni nimechelewa, kama mwangwi. Intafesi ni mbovu?

Si mbovu. Sauti huingia, hukaa kwenye bafa (akiba ndogo ya kusubiria ndani ya kompyuta), hupita programu, hukaa tena kwenye bafa, ndipo itoke. Bafa ya sampuli 1024 kwa 48 kHz ni milisekunde 21 kwenda na 21 kurudi. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo ni sawa na kujisikia kwa spika iliyo mita 14 mbali. Nani ataimba hivyo? Shusha bafa mpaka 256 au 128 unaporekodi, kisha ipandishe tena unapochanganya.

Njia rahisi zaidi: intafesi nyingi zina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta. Kibonyeze, na uizime sauti hiyo ndani ya programu ili usijisikie mara mbili. Na hedifoni za Bluetooth ziweke za kutembelea ufukweni. Kuchelewa kwake hakuna dawa.

Kuna mngurumo mdogo chini ya kila rekodi yangu. Mmmmm.

Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Mngurumo umepotea? Basi ni chaja, au soketi isiyo na waya wa ardhi, jambo la kawaida mno kwenye nyumba zetu ambazo nyaya zimepitishwa juujuu ya kuta. Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na huo ndio mngurumo unaousikia. Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, waya wa maiki usilale sambamba na waya wa stima, na kama haujaondoka, mwite fundi wa umeme akague ardhi ya nyumba. Ukisikia *zzz* kali juujuu badala ya *mmm*, tazama taa ya LED yenye kitufe cha kupunguza mwanga, au simu iliyowekwa juu ya intafesi.

Usivunje pini ya ardhi ya plagi. Kuna mtu atakushauri. Usimsikilize.

Nyumba yangu ni ya mawe, punda wapita dirishani, na msikiti uko hatua thelathini. Nitarekodi vipi?

Hili ndilo swali lenyewe. Laptopu na intafesi ni mambo ya duka. Hili ni la kuishi nalo.

Nyumba zetu za kale zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Kuta mbili za chokaa zatazamana kwa umbali wa mita mbili na nusu hivi hadi tatu. Simama katikati ukapige kofi moja. Utasikia *trrr* fupi ikikimbia baina ya kuta. Hiyo maiki nayo huisikia, na kwenye sauti ya mtu hutokea kama anaimba ndani ya mtungi. Mwenye zidaka ukutani ana bahati: vile vijumba vya plasta huivunjavunja sauti badala ya kuirudisha nzima. Mweke mwimbaji mgongo wake uelekee zidaka.

Mengine ni ya nyumbani. Godoro limesimamishwa nyuma ya mwimbaji. Mkeka na zulia chini. Blanketi zito kwenye kamba, kando zote mbili, shubiri kadhaa kutoka ukutani. Khanga ni nyepesi, yapendeza lakini haizuii kitu. Sponji zenye umbo la trei ya mayai za kubandika ukutani zanyonya sauti nyembamba tu na kuacha ile nzito. Pesa hizo nunua godoro la pili.

Chumba cha juu cha makuti hakina mwangwi, watu hukipenda, lakini kila kitu huingia: upepo, injini za boti, na kunguru.

Na saa. Mimi hurekodi baina ya saa nne usiku na saa nane. Boti zimepungua, watoto wamelala, adhana ya alfajiri bado iko mbali. Punda hana saa. Akianza, sote tunanyamaza, tunangoja amalize hotuba yake, tunarudi ubeti mmoja nyuma. Feni ya dari huzimwa. Ndiyo, kuna joto. Rekodi dakika ishirini, fungua mlango dakika kumi, maji, endelea.

Mwaka juzi nilimrekodi mzee wa udi. Kila kitu kimetulia, feni imezimwa, laptopu iko nje ya mlango na waya umepita chini. Nikisikiliza, kuna *tik*, kisha kimya, kisha *tik, tik*. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha mlango wa intafesi. Nikashusha bafa, nikapandisha. Saa nzima. Mzee akaniuliza, kwa upole, watafuta nini mwanangu. Nikamweleza. Akaingiza mkono mfuko wa kifuani mwa kanzu, akatoa tasbihi, akaiweka juu ya mto. Kila alipovuta pumzi ya kuimba, tumbo la udi lilikuwa likizigonga shanga. Sasa kabla sijagusa waya wowote, nauliza watu wana nini mifukoni.

Maiki gani?

Kwa chumba kisicho kimya, dainamiki. Huchukua kilicho karibu na kusahau mengi ya mbali. Shure SM58 imekuwako tangu 1966 na bado hainiangushi. Za bandia ni nyingi mno. Mizani ni msaada mmojawapo: ya kweli ina gramu 298. Nenda nayo kwa mwenye duka la viungo aliye na mizani ya digitali, atacheka lakini atakupimia. Ikipungua sana, rudisha.

Kondensa husikia zaidi, pamoja na usiyoyataka. Yahitaji volti 48 kutoka kwenye intafesi, kwa kitufe kilichoandikwa hivyo hivyo, 48V. Mimi huitumia kwa udi, shubiri moja hadi moja na nusu kutoka pale shingo inapokutana na tumbo. Usiielekeze kwenye tundu la sauti. Utapata mvumo mtupu. Ukiusikiliza udi wa marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa, kila mpigo wa ukucha wasikika kabla ya sauti ya uzi. Huo ndio unaoutafuta.

Udi wenye kinasa cha ndani huchomekwa kwenye tundu lenye alama ya gitaa, na kitufe cha INST kikiwa kimebonyezwa. Bila hivyo utasikika mkavu kama bati.

Sisi ni kikundi cha qasida, watu wanane na matari manne.

Maiki mbili, milango miwili. Msipange mstari kama picha ya shule. Kaeni nusu duara, mwenye sauti ya kuongoza karibu na maiki ya kwanza, matari nyuma kabisa, na maiki ya pili juu kidogo ikiwachukua wote. Tari hupiga ghafla na kwa nguvu, kwa hivyo pimeni sauti kwa ule mpigo wa mwisho wa Maulidi, mkiwa mmepandwa, si ule wa adabu wa mwanzo. Kisha shusheni kidogo tena.

Akisogea mtu hatua moja mbele, ndivyo alivyoongezwa sauti. Kuchanganya kwenu ni kwa miguu.

Stima ikipotea katikati?

Ndiyo faida ya laptopu juu ya kompyuta ya mezani, na ya intafesi inayokula umeme wa USB juu ya ile ya adapta. Taa zazimika, sisi twaendelea. Kinachoua si kupotea kwa stima, ni kurudi kwake kwa kishindo. Tumia ekstensheni ya kinga, au chomoa chaja mpaka itulie. Na usiku huohuo nakili kazi kwenye diski ya nje, na nakala nyingine ikae nyumba tofauti. Yangu iko kwa shangazi.

Chumvi ya bahari yaharibu kweli?

Yaharibu, tena kimyakimya. Pini za XLR hufanya ukungu wa kijani, vitufe vya sauti vyaanza kukwaruza. Usiviache vifaa mezani dirisha likiwa wazi. Boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, ndani vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. Si mchele, mchele una vumbi. Msimu wa mvua mimi huwasha vifaa vyote mara mbili kwa wiki hata kama sina kazi, joto lake hufukuza unyevu. Pini zisafishe kwa pamba na spiriti ya isopropili, zikauke, ndipo uchomeke.

Programu gani, na ya bure?

Reaper. Utaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Ni nyepesi, kwenye T480 yaruka. Mwenye Mac aanze na GarageBand, anayo tayari. Audacity yafaa kwa sauti ya mtu mmoja na kukata. Za wizi za kupakiwa na "fundi" kwa flashi zina wageni ndani, yaani virusi. Nimeshafuta mashine ya rafiki kwa sababu hiyo, na kazi zake zote zikaondoka nayo.

Ninunue wapi, huku au niagize?

Waya, stendi na hedifoni, Malindi au Mombasa. Intafesi na maiki, kwa muuzaji mwenye risiti na udhamini ulioandikwa. Laptopu, ukiwa na mtu unayemwamini Mombasa au Nairobi, mtume akaikague na orodha ile ya juu, hata ukimlipa chai nzuri. Ifungwe na nguo, si karatasi, na mtu aishike mkononi pale inapovuka kutoka Mokowe. Usiiweke chini ya boti pamoja na magunia. Kule chini daima kuna maji kidogo.

Naweza kuja kusikiliza vifaa vyako kabla ya kununua?

Karibu, baada ya Isha, siku yoyote isipokuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Njoo na hedifoni zako na wimbo unaoujua vizuri. Ukikuta khanga nyekundu imetundikwa mlangoni, twarekodi: keti hapo dakani (kibaraza cha mlangoni), usibishe hodi. Na ukiwa na tasbihi, funguo au sarafu, ziache kwenye sahani iliyo kando ya mlango.